Mateja, Si Wateja

Sydenham, Durban
Jumapili, 9 Februari 2025

Dada Sesilia,

Ugonile. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Josias na watoto, na kwamba miguu ya Mama imepunguza kuvimba. Mimi nipo. Joto la huku mwezi huu ni la kupikia maharage bila moto, lakini kazi ya usafi ninayo na chumba ninacho, kwa hiyo silalamiki. Vitambaa vyako vya kushonea Jecha, yule msafirisha mizigo wa Tunduma, anakuja navyo kwenye mzigo wake, pamoja na karatasi hii. Nimemwambia akiikunja simnunulii chai tena.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kama mwanafunzi wa bweni. Ni kwa sababu simu hapo nyumbani ni ya Mama, na binti yako humsomea kila ujumbe kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Hili si la Mama.

Mdogo wetu Gilbert anavuta unga. Huku wanauita sugars, jina tamu kwa kitu kichungu. Alianza baada ya kupunguzwa kazi kiwandani Jacobs, na mimi nikawa wa mwisho kujua. Sasa analala chini ya daraja na wenzake. Nimemfokea, nimempigia magoti, nimemfungia ndani akaruka dirishani. Halafu mwezi uliopita akaja mwenyewe akasema, "Dada, nimechoka. Nipeleke hospitali." Sijawahi kufurahi hivyo tangu nifike nchi hii.

Kazini walininyima ruhusa, nikamwomba jirani yetu Juvénal, Mkongo anayeuza simu mjini, amsindikize hospitali ya serikali. Kiingereza anakijua. Walipanga foleni tangu alfajiri. Walipofikiwa, Gilbert alikuwa na arosto ya kukosa unga, meno yanagongana, jasho na makamasi, Kiingereza chote kimemtoka. Nesi akauliza anaishi na nani. Gilbert akajibu, "Nakaa na mateja wenzangu, pale darajani."

Wewe na mimi tunajua teja ni mvuta unga. Juvénal, mtoto wa Bukavu, anajua mteja tu. Akamwambia nesi kwamba huyu anaishi na wateja wake. Nesi akaweka kalamu chini, akauliza, wateja wa nini? Juvénal akamgeukia Gilbert, na Gilbert akasema, "Wa unga, kwani wa nini?"

Basi kwenye faili imeandikwa kwamba Gilbert Mwambene ni muuzaji. Mpango wao hauchukui wauzaji. Mlinzi akamsindikiza mpaka getini.

"Pardon, Dada Bupe," Juvénal aliniambia jioni. "Kwa magasin yetu, kwa duka, waTanzania wote wanasemaka mteja, mteja. Mi nikajua iko na biashara yake." Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikalia. Kisha nikamrushia kandambili.

Niambie jambo moja. Hapo Mbeya kuna kliniki ya methadoni, ile dawa ya kikombe inayotolewa bure. Wanapokeaje watu?

Mdogo wako,
Bupe


Mwanjelwa, Mbeya
Jumapili, 2 Machi 2025

Mdogo wangu Bupe,

Bwana Yesu asifiwe. Huku mvua inanyesha kama imekodishwa, mahindi yamesimama vizuri. Mama anakusalimu, anauliza lini utaleta mchumba. Shemeji yako hajambo, siku hizi anaamka saa kumi na moja kila siku kwa mazoezi. Vitambaa nimepata. Kile cha kijani si kijani nilichosema.

Habari ya Gilbert nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekasirika. Ni wewe uliyemwita Durban. Hapa alikuwa na pikipiki yake na akili yake. Uliandika, "Mleteni, kazi zimejaa." Sasa unaniambia umemwachia Mkongo wa simu akamsemee kwa nesi! Hivi kweli wewe, siku ya mdogo wako kuokolewa, ukakosa ruhusa?

Lakini nisikilize. Usimfungie tena chumbani, anaweza kukufia. Mpe maji yenye chumvi na sukari akitapika. Usimpe vidonge vya usingizi hata akililia. Na la muhimu kuliko yote, akikaa siku kadhaa bila kuvuta halafu akarudia kipimo kilekile, hapo ndipo wanapokufa. Mwambie. Mwandikie mkononi kama hasikii.

Kuhusu hiyo kliniki, mimi sijui lolote. Na kwa vyovyote asijaribu kuja huku. Nimesema na nimesema tena, ila sikio la kufa halisikii dawa.

Tuendelee kuombeana,
Dada yako Sesilia


Sydenham
30 Machi 2025

Dada Sesilia,

Salamu nyingi kwa wote. Mwambie Mama mchumba yuko njiani, ila amekwama kwenye foleni kama kila mtu huku. Kijani ni kijani, Dada.

Sasa usiniletee methali. Sikio lake linasikia vizuri sana. Niambie ni dawa gani alipewa akaikataa? Alikwenda kwa miguu yake, akaitoa aibu yake mezani, wakamwandika mhalifu kwa sababu ya herufi moja.

Nilikwenda mwenyewe kurekebisha faili, safari hii bila kumwomba mtu ruhusa. Wakaniambia nilete kiapo cha polisi kwamba Gilbert si muuzaji. Polisi wakaniambia hawawezi kuapa kuhusu jambo ambalo mtu hakulifanya, nirudi hospitali nikachukue barua ya kuomba kiapo. Hospitali wakasema hawana barua ya aina hiyo. Nimekwenda na kurudi mara nne. Mwisho Juvénal akaapa yeye mwenyewe mbele ya askari kwamba Kiswahili cha Tanzania kilimshinda. Askari akagonga muhuri huku anacheka. Kiapo kimepokelewa, na tumeambiwa tusubiri kupigiwa.

Sijakuambia ninasafisha wapi, na sasa nitakuambia. Ni nyumba ya matibabu ya watu binafsi, juu kilimani, na wanaotibiwa ni wenye ugonjwa uleule wa Gilbert. Vyumba kumi na viwili, kila kimoja na bafu. Wagonjwa ni Wazungu, na Wahindi wawili watatu wenye uwezo. Weusi ni sisi wenye ndoo na wapishi wa jikoni. Chumba namba nne yuko kijana wa Kizungu, rika la Gilbert, anavuta kilekile anachovuta Gilbert. Huyo aliuza kweli. Aliwauzia wenzake chuoni, na anasimulia mezani bila kushusha sauti. Nilikuwa nikipiga deki pale mlangoni daktari alipowaambia wazazi wake kwamba kuuza kidogo ili upate chako ni dalili ya ugonjwa, wasimhukumu, na kwamba hata akitoroka na kurudia, atapokelewa tena. Mama yake alilia, daktari akamletea maji mwenyewe.

Daktari huyohuyo, Dada, kila Jumanne yuko hospitali ya serikali. Nilimsimamisha na ndoo yangu mkononi, nikamweleza habari ya mdogo wangu. Ni mtu mpole, simsingizii. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bupe, kule ni mfumo mwingine." Mfumo! Yaani ugonjwa ukishuka kilima unakuwa kosa.

Na usidhani ni ugeni wetu tu. Kwenye ile foleni nimekaa na Wazulu wenye vitambulisho vya kuzaliwa navyo, na mama wa Kihindi kutoka Chatsworth aliyekuja na mwanawe mara ya sita. Wote wanapewa panadoli na tarehe ya mbali. Nimechoka kuwa na adabu.

Nasema wazi. Mimi huku nimegonga ukuta. Nataka nimlete nyumbani, kwenye kliniki ya hapo. Utampokea? Jibu ndiyo au hapana.

Bupe


Mwanjelwa, Mbeya
25 Mei 2025

Mdogo wangu,

Salaam katika jina la Bwana. Nimechelewa kujibu, Jecha alipita nikiwa kwenye semina ya akina mama, halafu gari lake likakaa Tunduma wiki mbili. Mama alilazwa siku tatu kwa presha, sasa yuko nyumbani na analalamikia chumvi kwenye mboga, kwa hiyo ujue amepona. Shemeji yako amechaguliwa mzee wa kanisa. Tulifanya sherehe ndogo, nimekuwekea picha.

Kuhusu ombi lako, haiwezekani. Moyo wa Mama hautaweza. Pia Mbeya si Durban, hapa kila mtu anamjua kila mtu, na dirisha la kliniki linatazama barabara. Anayesimama pale asubuhi anaonekana na mji mzima. Sitaki kusikia jina la baba yetu likitajwa kwenye ule mstari.

Subirini simu ya hospitali. Mungu hachelewi.

Sesilia


Sydenham
8 Juni 2025

Dada,

Leo sisalimii.

Polisi walizoa watu wa darajani mwezi uliopita. Gilbert akakaa mahabusu siku kumi na moja bila dawa, bila daktari, akijitapikia. Walipomwachia alikwenda moja kwa moja akavuta kipimo chake cha zamani, na hapo ndipo wanapokufa. Ni maneno yako hayo. Niliyapuuza, nikidhani umeyaokota redioni.

Tulimkuta midomo imekuwa ya bluu. Tukampeleka na gari la jirani. Siku hizi getini kuna watu wanaosimama kuuliza vitambulisho, mgeni asiingie kutibiwa. Walituzuia, mdogo wangu akiwa magotini pangu hapumui sawasawa. Juvénal akashuka akawafokea kwa Kizulu cha kuokoteza, sijui aliwaambia nini, wakasogea. Ndani walimchoma sindano akazinduka, na baada ya saa tatu wakamtoa. Nilipouliza kuhusu methadoni wakaniambia, "Eish, mama, si mlishaambiwa mtapigiwa?"

Wiki hiyohiyo yule wa chumba namba nne alizidisha bafuni. Mwenzangu alimkuta. Daktari alifika kwa dakika sita, na usiku kucha mtu alikaa kitini pembeni ya kitanda chake. Mimi ndiye niliyempelekea mlinzi huyo kahawa.

Namwombea uzima kijana yule, hana kosa. Kosa silijui lilipo, ila najua linatuangukia sisi kila mara.

Sasa niambie ukweli. Uliyajuaje yale ya maji ya chumvi, ya kipimo, ya dirisha linalotazama barabara? "Sijui lolote," uliandika. Nani amekufundisha?

Bupe


Mwanjelwa, Mbeya
29 Juni 2025

Bupe mdogo wangu,

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana mara tatu.

Ni Josias. Alianza akiwa bado dereva wa malori, barabara ya Lusaka. Mwaka juzi nilimkuta chooni midomo ya bluu, hivyo ulivyomkuta Gilbert. Hayo mazoezi ya saa kumi na moja ni dirisha la kliniki. Anakunywa kikombe chake mbele ya nesi, anarudi nyumbani, anafunga tai. Miezi kumi na tisa sasa. Kanisani wangejua wasingemchagua hata kufagia.

Ndiyo maana sikutaka Gilbert aje. Angemkuta shemeji yake kwenye mstari siku ya kwanza tu. Nilimpima mdogo wangu na heshima ya mume wangu, na nikachagua tai. Hilo ndilo nililolificha, na lilikaribia kumwua. Mficha maradhi kifo humwumbua, ila safari hii mimi nilificha na mwingine ndiye aliyekuwa anakufa. Nisamehe, Bupe. Sina la kujitetea.

Nilimweleza Josias barua yako yote. Jioni akasema, "Mwambie aje, nitampeleka mimi. Lazima awe na msindikizaji wa familia."

Mlete. Mlete upesi. Mama nitamwambia mwenyewe.

Dada yako


Durban
27 Julai 2025

Dada Sesilia na shemeji Josias,

Anayewapa barua hii ni Gilbert mwenyewe, akiwa hai kama Mungu amependa. Jecha amekubali kukaa naye siti moja mpaka Tunduma. Safari ni siku nne, na mtu wa hali yake hawezi siku nne bila kitu. Kwa hiyo usiniulize alisafiri na nini mfukoni. Mimi ndiye niliyekwenda naye kununua. Nilisimama pale na koti la kazi, mtu mzima, mwimbaji wa kwaya, nikamlipia. Yule muuzaji alinitendea vizuri kuliko ofisi zote nilizopita mwaka huu.

Shemeji, nilikuwa sijui. Ahsante. Ndaga fijo.

Bupe


Mwanjelwa, Mbeya
10 Agosti 2025

Bupe,

Amefika. Amekonda mpaka Mama alimwita kwa jina la marehemu mjomba. Nilimweleza Mama ukweli nikiwa nimeshika dawa zake za presha mkononi. Akaniambia, "Unadhani mimi kipofu? Josias anafanya mazoezi gani na viatu vya kanisani?" Kumbe alijua muda wote. Tumekaa humu ndani tukifichana jambo ambalo kila mtu analijua.

Jumatatu walimpima, wakamwuliza maswali kwa Kiswahili, na teja likabaki teja. Jumatano akapewa kikombe cha kwanza. Walianza na kidogo, watakuwa wanapandisha. Wanasimama pamoja, yeye na shemeji yake, wakibishana mpira. Jana mama mmoja wa kanisani alipita akawaona. Josias akampungia mkono.

Bado anatoka jasho usiku, na juzi aliniibia redio akairudisha mwenyewe kabla sijajua imetoka. Sikudanganyi kwamba amepona, lakini anakula.

Sesilia


Sydenham
Jumapili, 23 Novemba 2025

Dada Sesilia,

Salamu kwa Mama, kwa shemeji mzee wa kanisa, na kwa Gilbert ambaye nasikia sasa anachagua nyama. Mwambie nimeiona picha, mashavu yamerudi, na hiyo ndevu ainyoe. Mimi nipo, mvua za huku zimeanza, Juvénal amepata mtoto wa kike na amenitisha kumpa jina langu.

Hospitali walipiga simu. Ndiyo, Dada, baada ya miezi kumi. Zamu ya Gilbert Mwambene imefika, aje Jumanne tarehe kumi na nane. Ningeweza kuwaambia kwa simu, lakini nilitaka kuwatazama machoni. Nikaenda.

Nikamwambia nesi kwamba mdogo wangu anatibiwa kwetu, nafasi yake wampe mwingine. Hakuinua hata uso, amechoka yule mama, kazi ya watu watano anaifanya peke yake. Akasema nafasi haihamishwi. Asiyekuja anaandikwa hakuhudhuria, na saa yake inapita. Nikakaa benchi, sina hata nguvu ya kugombana.

Pembeni yangu alikaa mama wa Umlazi, MaNgcobo, na mwanawe wa miaka thelathini na kitu, fundi bomba, anatetemeka ndani ya koti zito. Amezaliwa hospitali hiyohiyo. Wamempa tarehe ya mwezi wa nne mwakani. MaNgcobo akaniuliza ndugu yangu nimempeleka wapi. Nikamwambia Mbeya. Akauliza kuna taksi ya kufika huko? Nikamweleza ni mipaka mitatu kuvuka. Akatikisa kichwa, akasema, "Sisi hatuna kwingine kwa kurudi. Ni hapahapa."

Ndipo wakaita, "Gilbert Mwambene!"

Sikupanga, Dada. Niliinuka, nikamshika yule fundi bomba mkono, nikamwinua. MaNgcobo alielewa kabla yake, akamsukuma mgongoni. Tukaingia. Nesi alikuwa yuleyule asiyeinua uso, akafungua faili akasoma: raia wa Tanzania, haongei Kiingereza wala Kizulu, lazima awe na mkalimani. Basi akauliza kwa Kiingereza, mimi nikageuza kwa Kiswahili, na Mzulu wa watu, ambaye Kiswahili chake chote ni neno "jambo", akanijibu jambo. Umetumia muda gani? Jambo. Miaka sita, nikasema, mama yake alikuwa ameniambia. Umewahi kuacha? Jambo, jambo. Mara mbili, nikasema.

Nesi akamtazama, akatazama na picha kwenye nakala ya karatasi za Gilbert, ambaye hafanani naye hata masikio. Halafu akamwambia polepole, kwa Kizulu, "Unasikia baridi, mwanangu. Nifunge dirisha?"

Na yeye, maskini, akajibu kwa Kizulu hichohicho, "Yebo, Sista."

Nesi akainuka, akafunga dirisha. Akarudi kwenye kiti chake, akachukua kalamu, akaandika: amehudhuria. Kikombe cha kwanza ni Jumanne ijayo.

Nimeshaomba ruhusa kazini kwa kila Jumanne mpaka Pasaka. Faili linasema lazima awe na mkalimani.

Mdogo wako,
Bupe